Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Mwanafunzi wa Paris

Tukisikia jina la Mtakatifu Inyasi wa Loyola, wengi wetu tunakumbuka mambo mawili: mzinga uliomvunja mguu pale Pamplona mwaka 1521, na Shirika la Yesu alilolianzisha. Katikati yake kuna miaka zaidi ya kumi ambayo husimuliwa haraka haraka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia darasani. Sisi tulio katika falsafa tuna sababu ya kukaa hapo kidogo.

Aliporudi kutoka kuhiji Yerusalemu, Inyasi aliona kwamba hawezi kuzisaidia roho za watu bila elimu. Basi mwaka 1524, akiwa na miaka 33 hivi, alianza sarufi ya Kilatini huko Barcelona. Shida iliyompata si uvivu. Kila alipoanza kukariri vitenzi, yalimjia mawazo matamu ya kiroho, matamu kuliko hata yale aliyokuwa akiyapata kwenye sala na Misa. Alipotafakari aligundua kuwa ni kishawishi: jambo jema lilikuwa linamzuia kufanya kazi iliyokuwa mbele yake. Akamwomba mwalimu wake waende kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote, na akaahidi kutokosa kipindi kwa miaka miwili, ilimradi tu apate mkate na maji. Nakiri kwamba ahadi hii inanitisha kuliko ule mzinga.

Kutoka hapo alikwenda Alcalá, kisha Salamanca. Huko kote alisoma ovyo ovyo, masomo mengi kwa wakati mmoja, na kote wakuu wa Kanisa walimtilia shaka, hata akafungwa gerezani. Mwishowe aliamua kuondoka nchini kwake. Ufaransa na Hispania zilikuwa na uadui, na rafiki zake walimwonya kwamba Wafaransa wanawabanika Wahispania kama mishikaki. Hakuogopa. Alitembea kwa miguu, peke yake, wakati wa baridi, na mguu wake ule wa kuchechemea, akaingia Paris mwanzoni mwa Februari 1528.

Alikuja na hawala ya sarafu 25 za dhahabu kutoka Barcelona. Kwa kuwa hakupenda kushika fedha, alimpa Mhispania mwenzake waliyekaa naye nyumba moja amtunzie. Kufikia Kwaresima yule bwana alikuwa amezitumia zote. Inyasi hakuwa tena na kodi ya chumba. Akahamia nyumba ya mahujaji ya Mtakatifu Yakobo, akawa anaombaomba mitaani. Sasa tazama lililofuata: nyumba ile ilikuwa mbali na chuo cha Montaigu alikosoma, iliruhusu watu kutoka kukishapambazuka tu, na jioni sharti warudi kengele ya Salamu Maria inapolia. Hivyo vipindi vilimpita. Alitafuta kazi ya kumtumikia mwalimu fulani apate riziki, na alikwisha kupanga moyoni kwamba mwalimu huyo atamwona kama Kristo, na wanafunzi wenzake kama mitume. Kazi hakuipata.

Mtawa mmoja Mhispania ndiye aliyemshauri aende Flanders kila mwaka, miezi miwili au hata pungufu, kuomba msaada kwa wafanyabiashara wa Kihispania, kisha arudi asome kwa utulivu. Alifanya hivyo, na safari moja alifika hadi London, ambako alipata zaidi kuliko miaka iliyotangulia. Kuomba kukawa na msimu wake, na kusoma kukawa na wakati wake.

Na yule aliyekula fedha zake? Aliugua mjini Rouen akisubiri meli ya kurudi kwao, akamwandikia Inyasi barua. Inyasi alitembea siku tatu, miguu mitupu, bila kula wala kunywa, akaenda kumfariji, akamtafutia meli na kumpa barua za kuwapelekea rafiki zake Hispania.

Mwaka 1529 alihamia chuo cha Sainte-Barbe kuanza falsafa. Alipangwa chumba kimoja na vijana wawili waliomzidi kwa masomo ingawa yeye aliwazidi miaka kama 15. Mmoja ni Petro Favre, aliyechunga kondoo utotoni huko Savoy. Huyu ndiye aliyemrudishia somo la Aristotle pale lilipomshinda. Wa pili ni Fransisko Ksaveri wa Navarra, ambaye kaka zake walipigana upande wa pili katika vita vile vya mwaka 1521. Favre alimfungulia moyo mapema. Ksaveri alichukua miaka. (Huyu ndiye atakayepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa.)

Tarehe 15 Agosti 1534, wenzake wakiwa sita, walipanda Montmartre kuweka nadhiri. Favre, padre pekee kati yao, aliadhimisha Misa. Mwaka uliofuata Inyasi alipata shahada ya uzamili katika umri wa miaka 44 hivi, na maumivu ya tumbo yakamlazimu kurudi kwao apate hewa ya nyumbani, juu ya farasi mdogo aliyenunuliwa na wenzake.

Miaka mingi baadaye, akiwa Roma, aliandika Katiba za Shirika. Mapadre wenye nadhiri kuu aliwataka waishi kwa sadaka bila mapato ya kudumu. Vyuo vya wanafunzi aliviruhusu viwe na mapato, ili kijana anayesoma asihangaike kutafuta mkate. Na kuhusu sala za wanafunzi hao, aliagiza ziwe na kipimo, kwa kuwa masomo nayo yanamtaka mtu mzima.