Frank Nelson Cole na Vigawo vya Namba Moja

Frank Nelson Cole (1861-1926), mwanahisabati wa Marekani, anakumbukwa hasa kwa namba moja: 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1, yaani 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 Mersenne aliihesabu miongoni mwa namba tasa. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kuwa si tasa, ila vigawo vyake hakuvipata. Cole ndiye aliyevidhihirisha mbele ya wenzake, New York, mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Yasimuliwa kwamba alikokotoa ubaoni pasipo kutamka neno, na kwamba utafiti huo ulimmalizia Jumapili za miaka mitatu. Masimulizi ya aina hii, bila shaka, hunoga kwa kurudiwa. Kuvisaka vigawo hivyo kulikuwa kazi ngumu mno, bali kuvihakiki kwataka kuzidisha tu, jambo ambalo mwanafunzi wa Kintinku aweza kulifanya leo kwa kalamu na karatasi.