Maisha ya Bwana Rudolf Diesel

Kila siku twalitaja jina la mtu huyu pasipo kumjua. Twalisoma kwenye vituo vya mafuta, twalisikia kwa madereva wa malori na kwa mafundi wa jenereta, na wengi wetu hudhani kuwa dizeli ni jina la mafuta tu. Sivyo. Diesel alikuwa mtu, Mjerumani. Mimi nafundisha fizikia, na kila mwaka nifikapo kwenye somo la joto huwaeleza wanafunzi habari zake, kwa maana jambo aliloliwania maisha yake yote laonekana hata leo katika kitu kidogo ambacho wanafunzi wetu wa zamani walioko Ulaya na Kanada hukilalamikia kila majira ya baridi: gari la dizeli huchelewa mno kupata joto ndani.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa watu wa Bavaria, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri. Kijana Rudolf alisukuma mkokoteni kuwapelekea wateja bidhaa za baba yake, na apatapo nafasi alikwenda kwenye nyumba ya makumbusho kutazama mitambo ya zamani. Mwaka wa 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Wajerumani. Jamaa hii ikafukuzwa, ikakimbilia London, na huko maisha yakawa magumu. Basi Rudolf akapelekwa peke yake Augsburg, kwa jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa na miaka 12 tu, naye alisafiri katikati ya vita. Wale wanaolia siku ya kwanza bwenini na wamfikirie mtoto huyo.

Huko Augsburg akasoma kwa bidii kubwa, na alipokuwa na miaka 14 alikwisha kuamua kuwa atakuwa mhandisi. Akaingia chuo cha ufundi cha Munich, na mwalimu wake mmoja alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Mwaka wa 1879 homa ya matumbo ikamzuia kufanya mtihani wa mwisho; akaufanya mwezi wa Januari 1880, akapasi kwa sifa kubwa. Kisha Linde akampa kazi Paris katika biashara hiyohiyo ya barafu. Ndiyo kusema, mtu ambaye jina lake lingeenea ulimwenguni kwa ajili ya moto alikula mkate wake kwa baridi kwa muda wa miaka kumi hivi.

Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Darasani Munich alijifunza kuwa mtambo wa mvuke hula makaa mengi na kufanya kazi kidogo. Mingi ya siku zile haikugeuza kuwa kazi hata sehemu 10 katika kila 100 za joto la makaa. Nyingine zote zilikwenda na moshi na mvuke. Alijifunza pia mawazo ya Mfaransa Sadi Carnot, ambaye mwaka wa 1824 alionyesha jinsi mtambo wa joto ungaliweza kufanya kazi pasipo hasara isiyo ya lazima. Jambo hilo halikumtoka kijana huyu akilini. Upotevu wa joto ulimchukiza kama vile ubadhirifu unavyomchukiza mtu mwekevu.

Kila aliyepata kujaza upepo baiskeli yake ajua kuwa pampu hupata moto kwenye ncha. Hewa ikishindiliwa huwa moto. Diesel akafikiri hivi: hewa ikishindiliwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda, itakuwa moto hata mafuta yakirushwa ndani yawake yenyewe, bila cheche wala kibiriti. Mwaka wa 1892 akaomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka wa 1893 akatoa kitabu akieleza nadharia yake.

Hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo. Katika nadharia yake ya kwanza injini haikuhitaji kupozwa kwa maji. Kwa nini kuyapasha maji moto, naye alitaka joto lote lifanye kazi? Injini ya kwanza iliyojengwa katika kiwanda cha mitambo cha Augsburg ilikuwa na silinda isiyo na maji ya kuipoza. Tarehe 10 Agosti 1893 wakaijaribu. Mafuta yakawaka kwa kishindo, na chombo cha kupimia mgandamizo kikapasuka. Diesel na mwenziwe walinusurika tu. Lakini alifurahi, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe. Wakaibadili injini, wakaizungushia maji, na tarehe 17 Februari 1894 ikazunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Chuma kilikuwa kimemshinda kwa jambo moja: hakivumilii moto ule pasipo kupozwa.

Mwezi wa Februari 1897 Profesa Moritz Schröter akaipima injini mpya ya nguvu za farasi 20 hivi. Katika kila sehemu 100 za joto, 26 ziligeuka kuwa kazi. Viwanda vya nchi nyingi vikagombea kununua haki za kuitengeneza, na Diesel akawa tajiri kwa muda mfupi. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900 injini moja ndogo ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilipendezwa na jambo hilo, maana karanga zilipatikana kwa wingi katika makoloni yake ya Afrika.

Utajiri haukukaa. Alipoteza fedha katika ununuzi wa mashamba na biashara nyingine, akashitakiwa juu ya uvumbuzi wake, na afya yake ikavunjika. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli Dresden, akitoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, akaenda chumbani. Asubuhi hakuonekana, na kitanda hakikulaliwa. Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi wakauona mwili baharini. Wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni, wakauacha mwili, na mwanawe akavitambua vitu vile. Wako wasemao kuwa aliuawa. Mimi nikitazama madeni aliyoyaacha, naona hapana haja ya kumtafuta muuaji.

Hakuishi kuona gari dogo la dizeli likiuzwa. Injini zake zilirusha mafuta kwa hewa ya kushindiliwa, na mtambo wa kuishindilia ulikuwa mzito mno kwa gari. Pampu ya Robert Bosch ya mwaka wa 1927 iliondoa mzigo huo, na mwaka wa 1936 Mercedes-Benz wakaonyesha gari lao 260 D.

Sasa turudi kwa hao wanaotetemeka. Joto la ndani ya gari hutoka katika maji yanayopoza injini: maji hupita katika rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake. Injini za dizeli za magari ya leo, zikifanya kazi vizuri, zaweza kugeuza sehemu 40 na zaidi katika 100 kuwa kazi. Kwa hiyo linalobaki kuyapasha maji ni dogo. Tena gari likisimama likinguruma tu, injini ya dizeli huvuta hewa nyingi ya baridi na kuchoma mafuta kidogo sana. Ndiyo sababu kungoja uani kwa nusu saa hakufai kitu. Na kufanya hivyo ndani ya gereji iliyofungwa kwaweza kuua kwa moshi.

Afadhali uondoke mapema na kuendesha polepole, feni ikiwa chini mpaka maji yapate moto, na hewa ikizungushwa ndani badala ya kuvutwa kutoka nje. Ila vioo vikianza kufunga ukungu, rudisha hewa ya nje mara moja. Kama joto halifiki hata baada ya mwendo mrefu, mwambie fundi aitazame thamostati kwanza. Kifaa hicho huyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafikie nyuzi 80 au 90 hivi. Kikikwama wazi, injini haipati moto kamwe na mafuta huliwa zaidi. Baadaye atazame kama maji yamepungua, kama kuna hewa iliyonaswa ndani, au kama rejeta ndogo imeziba kwa uchafu. Katika nchi za baridi kali watu huchomeka injini kwenye umeme usiku kucha ili maji yasipoe. Magari mengi mapya ya dizeli yana waya za umeme za kupasha hewa moja kwa moja, na mengine hutiwa jiko dogo linalochoma mafuta ya gari lenyewe kwa kazi moja tu, kuyapasha maji moto.