Maisha ya William Cooper, Mfanyabiashara na Mwenye Mashamba wa Cooperstown

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, msomaji atakuta habari za mazao, mizani, maghala na viongozi wetu. Tumeona vema kuweka pia habari za mtu mmoja wa mbali, aliyefariki zamani, ambaye kazi yake ilifanana na yetu kwa mambo mengi, ikatofautiana nayo kwa jambo moja kubwa. Mtu huyo ni William Cooper wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1754 karibu na mji wa Philadelphia, katika koloni la Pennsylvania. Wazazi wake hawakuwa na mali, na elimu aliyoipata ilikuwa haba. Alijifunza ufundi wa kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi. Mwaka 1774 alimwoa Elizabeth Fenimore, binti wa mtu mwenye uwezo, na baadaye akafungua duka katika mji wa Burlington, New Jersey. Hapo ndipo alipojifunza kununua, kuuza, na kumpima mtu kabla ya kumkopesha.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha mwaka 1783, watu wengi walikuwa wakitafuta ardhi. Kando ya ziwa Otsego, katika jimbo la New York, palikuwa na msitu mkubwa. Wenyeji wake wa asili, watu wa mataifa ya Iroquois, walikuwa wamekwisha kuupoteza kwa mikataba na kwa vita. Mzungu aliyeupata baada yao, George Croghan, alikufa mwaka 1782 akiwa na madeni mengi. Mwezi wa Januari 1786 ardhi hiyo ilinadiwa, na Cooper pamoja na mwenzake Andrew Craig wakainunua. Warithi wa Croghan hawakuridhika na mnada ule, na manung'uniko yao yalimfuata Cooper kwa miaka mingi.

Wenye mashamba wengi wakubwa wa New York walipenda kupangisha ardhi, ili mkulima alipe kodi daima. Cooper aliamua vingine. Aliwauzia watu mashamba wayamiliki kabisa, kwa mkopo wenye riba, shamba lenyewe likiwa rehani, akawapa miaka ya kulipa. Aliamini kwamba mtu ajuaye kuwa ardhi ni yake na ya watoto wake atafyeka, atajenga na kupanda kwa moyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliuza eka 40,000 katika siku 16, na wanunuzi wengi walikuwa maskini. Kisha akaanzisha kijiji kilichoitwa kwa jina lake, Cooperstown, akafungua duka, na mwaka 1790 akahamia huko na jamaa yake, akiwamo mwanawe mchanga James, aliyezaliwa mwaka uliotangulia.

Lakini kabla ya hapo ilikuja njaa. Mwaka 1789 nafaka ilikuwa adimu na ghali, na mashamba mapya yalikuwa hayajazaa vya kutosha. Cooper aliandika kwamba palikuwa na jamaa 200 zilizomzunguka, wala hapakuwa na mkate. Wengine waliishi kwa maziwa, sukari ya miti na vitunguu vya porini. Kwa bahati samaki wakaonekana kwa wingi katika mto Susquehanna. Watu wakafuma wavu wa vijiti, wakawavua, na kila nyumba ikapata fungu lake pamoja na chumvi. Tena Cooper akaiomba Baraza la kutunga sheria la jimbo, akapewa busheli 1,700 za mahindi. Yalipakiwa juu ya migongo ya farasi hadi msituni, yakagawanywa kwa kadiri ya idadi ya watu wa kila nyumba.

Na sasa tunafikia jambo ambalo kila katibu na karani wa mizani atalielewa. Cooper alijenga ghala, na kila majira ya baridi akalijaza nafaka iliyonunuliwa mbali. Alipata masufuria makubwa kwa mkopo kutoka kwa Henry Drinker, mfanyabiashara wa Philadelphia, akawapa wakulima. Kwayo walichemsha utomvu wa miti ya mepo kupata sukari, na majivu ya magogo waliyofyeka kupata potashi, itumikayo katika kutengeneza sabuni na kioo. Mkulima aliandikiwa deni la chakula na vyombo. Alipoleta sukari na potashi, thamani yake ilipunguza deni hilo. Bei iliwekwa kwa kuangalia gharama ya kusafirisha. Mwaka wa kwanza wa mpango huo yalikusanywa mapipa makubwa 43 ya sukari na mapipa 300 ya potashi, yote yakiwa na thamani ya dola 9,000 hivi. Barabara na madaraja, ambayo Cooper hakuwa na fedha za kuyagharimia, watu waliyajenga kwa kukusanya nguvu zao.

Hayo ni mema, nasi tunayasifu. Hata hivyo hatuwezi kuficha upande wa pili. Wilaya ya Otsego ilipoundwa mwaka 1791, Cooper akawa jaji wake wa kwanza, na baadaye mara mbili akachaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani. Basi mtu yule yule aliyeshika daftari la madeni alishika na mahakama. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1792 alishtakiwa mbele ya Baraza la jimbo kwamba aliwatisha wapiga kura. Mashtaka yakatupwa, lakini uchungu ukabaki. Mwaka 1799 alishiriki katika kukamatwa kwa Jedediah Peck, mpinzani wake wa siasa, na wakulima wengi wakamgeuka.

Mambo ya fedha nayo yalilegea. Cooper alinunua ardhi nyingine upande wa kaskazini, isiyo na rutuba kama ile ya kwanza, nayo haikumletea faida aliyoitazamia. Alifariki mjini Albany tarehe 22 Desemba 1809. Watoto wake walidhani wamerithi utajiri, kumbe ulikuwa umefungwa na madeni na kesi. Katika miaka michache karibu wote ulitoweka, hata nyumba kubwa ya baba yao ikauzwa. James, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri, alichapisha mwaka 1823 hadithi ya kijiji kinachofanana sana na hicho.

Lakini wakulima waliokwisha kulipa walibaki na mashamba yao, na kijiji kipo hata leo.

Ndugu wanachama, ghala, mkopo, mizani na subira kwa mwenye deni vilikuwako Cooperstown kama vilivyo kwetu. Tofauti ni hii: kule daftari lilikuwa la mtu mmoja, na hapakuwa na mkutano wa kumwuliza. La kwetu ni la wanachama wote. Basi hesabu zinaposomwa katika mkutano mkuu, tusikae kimya wala tusibaki nyumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja, awe hodari namna gani, hafai kuachiwa peke yake daftari la watu wote.