Franklin Roosevelt na Waamuzi Tisa

Mara hii tumechagua Franklin Roosevelt, aliyekuwa Prezida wa Marekani tangu mwaka 1933 mpaka kufa kwake. Alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 kule Hyde Park, katika jamaa ya watajiri. Mwaka 1921 ugonjwa ulimlemaza miguu yote miwili. Mambo ya vita mnayasoma darasani. Sisi tunapenda kuwaelezea ugomvi wake na tribinali.

Mwaka 1935 alitia sahihi sheria ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuingia sendika na kufanya greve. Mapatro wengi hawakuijali. Walingoja tu Tribinali Kubwa iiue, maana ilikuwa imekwisha kuvunja sheria zake zingine. Katika kungoja huko walijitayarisha kwa greve: walinunua bunduki na gazi ya kutoa machozi, tena walilipa wapelelezi waingie ndani ya sendika. Mtu anakula na mwenzake saa sita, kumbe jioni jina lake limefika kwa patro, na kesho hana kazi. Kamati ya Seneti ndiyo iliyofunua mambo hayo, tangu mwaka 1936.

Mwaka ule Roosevelt alishinda uchaguzi katika majimbo 46 kati ya 48. Basi akaona anaweza yote. Tarehe 5 Februari 1937 aliomba ruhusa hii: kila mwamuzi aliyepita miaka 70 na asiyetaka kuacha kazi, aongezewe mpya mmoja, mpaka wale tisa wafike 15. Alisema wazee wanalemewa na kazi. Hapo sisi hatumsifu. Kila mtu aliona anatafuta waamuzi wa upande wake, hata wengi wa chama chake walikataa.

Tarehe 12 Aprili tribinali yenyewe ikakubali ile sheria, watano kwa wanne, juu ya wafanyakazi waliofukuzwa na kompani ya chuma Jones & Laughlin. Mwezi wa tano mwamuzi mzee mmoja akatangaza kuacha kazi. Sasa mpango ulikuwa wa nini tena? Tarehe 22 Julai Seneti iliuzika, 70 kwa 20.

Mapatro wengine hawakulegea lakini. Tarehe 30 Mei 1937, karibu na fabriki ya Republic Steel kule Chicago, polisi waliwapiga risasi watu wa greve, wakafa 10.

Wazee wa tribinali waliondoka mmoja mmoja. Kufika mwaka 1943 Roosevelt alikuwa ameweka waamuzi wapya wanane, bila kuongeza kiti hata kimoja. Alikufa kule Warm Springs tarehe 12 Aprili 1945, miaka minane kamili tangu siku ile sheria ya sendika ilipopona.