Paul Ngei: Askari, Mfungwa, Waziri

Majuzi nilikuwa Ekalakala, kule Masinga, na mwalimu mmoja wa historia akanitia kwenye kona. Alitaka kujua awafundishe wanafunzi wake Paul Ngei yupi: yule wa Kapenguria au yule wa mahindi? Mimi ni mtu wa isimu, wala historia si uwanja wangu, lakini swali hilo limeninyima usingizi.

Ngei alizaliwa Machakos mwaka wa 1923. Alikuwa mjukuu wa Masaku, mtabiri ambaye jina lake lilikorogwa ndimini mwa wageni hadi likawa Machakos. (Sisi wanaisimu huyafurahia mageuzi ya namna hii, wenye jina sijui.) Alisoma Alliance, akavaa sare ya King's African Rifles, kisha akaingia Makerere. Ukambani ilitoa askari wengi katika Vita vya Pili vya Dunia, na aghalabu waliporudi makwao walikuta kipande na kodi vikiwangoja palepale walipoviacha. Ngei hakukubali kunyamaza. Alianzisha gazeti akaliita Uhuru wa Mwafrika. Litazame jina hilo: si la Kikamba wala la Kiingereza, ni la Kiswahili, na mwenye uhuru ametajwa waziwazi. Kwa utawala wa wakati ule, jina tupu lilitosha kuwa kosa.

Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa. Huko Kapenguria alishtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng Oneko, na mnamo Aprili 1953 Hakimu Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Ngei hakuwa amefikisha hata miaka thelathini. Walipelekwa Lokitaung, katika joto la Turkana. Inasimuliwa kwamba siku moja askari jela alipotaka kumchapa Kenyatta, ambaye umri wake ulikuwa umesonga, Ngei alijitia kati kama mwana anayemkinga baba yake. Simulizi hiyo imekuwa kama fedha: imetumika kulipia mambo mengi.

Maana alipotoka kizuizini mwaka wa 1961 hakuwa mtu wa kufuata mkumbo. Mwaka wa 1962 alijitenga na KANU akaunda African People's Party, ambayo Ukambani iliifuata kama watoto wamfuatavyo baba, na mwaka uliofuata akarejea KANU. Akawa waziri. Kisha njaa ya 1965 ikaja, na mahindi yakaadimika huku yeye akiwa ndiye waziri mwenye dhamana ya uuzaji wake. Mwaka wa 1966 aliwekwa kando tume ikichunguza, kisha akarudishwa barazani.

Mwaka wa 1975 mahakama ilimpata na kosa la uchaguzi, akapoteza kiti. Bunge likabadilisha Katiba kwa haraka isiyo ya kawaida ili Rais apate uwezo wa kusamehe kosa la aina hiyo. Akasamehewa, akagombea tena, akashinda. Hapa ndipo ninapokwama. Deni la Lokitaung lilikuwa la Kenyatta binafsi. Katiba ilikuwa yetu sote. Sioni kwa nini mwanafunzi afichwe tofauti hiyo, wala kwa nini akiambiwa asahau Lokitaung.

Mwaka wa 1990 alitangazwa muflisi, akapoteza ubunge na uwaziri pamoja. Kisukari kilimla miguu ikakatwa yote miwili. Alifariki Agosti 2004, akazikwa kwao Kangundo.

Hayo ndiyo niliyomweleza mwalimu yule. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza iwapo watahini watalipa alama jibu refu namna hiyo. Sikuwa na la kumjibu.