Joginder Singh: fundi wa Kericho aliyeshinda Safari Rally kwa gari la mtumba

Mwenye gari la zamani anayelipeleka kwa fundi katika mtaa wa Custom mjini Juba mara nyingi hufika na swali lililokwisha kumnyima usingizi. Je, aitunze injini iliyotoka nayo kiwandani, ijapokuwa imechoka, au aing'oe na kutia nyingine kubwa yenye nguvu zaidi? Swali hilo limebeba fedha nyingi, na jibu lake likikosewa, gari huishia juu ya mawe likisubiri vipuri kutoka Kampala au Nairobi.

Mtu mmoja aliyeishi na swali hilo maisha yake yote alikuwa Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyefariki zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wapenzi wa mbio za magari walimwita Simba wa Kenya, na jina hilo linawatoka wazee wa Afrika Mashariki hata leo pale magari yanapozungumzwa. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi.

Alizaliwa mwaka 1932 mjini Kericho, katika nyanda za majani ya chai, kwa wazazi Masingasinga wenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa na gereji, na kijana alikulia kati ya spana, mafuta machafu na magari ya walowezi yaliyoharibiwa na barabara za udongo. Nchini Kenya watu wa jamii yake huitwa Makalasinga, na kwa muda mrefu neno hilo lilikuwa karibu sawa na neno fundi. Katika ukoloni nafasi za Mhindi zilikuwa na mipaka yake. Gereji ilikuwa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi.

Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama fundi wa doria, kazi ya kuwaendea madereva waliokwama njiani. Haikuwa kazi ya sifa. Lakini ni vigumu kufikiria shule bora kuliko hiyo, kwa maana fundi wa doria hakutani na magari yanayokwenda vizuri. Huona rejeta iliyotoboka, springi iliyovunjika, klachi iliyoungua, nyaya zilizolegea kwa mtikisiko. Injini yenyewe, mara nyingi, huwa ni nzima.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Yaliendeshwa siku za Pasaka, msimu wa mvua, katika barabara za kawaida ambazo malori, ng'ombe na wapita njia waliendelea kuzitumia. Joginder alianza kushindana mwishoni mwa miaka ya 1950, na nduguye Jaswant mara nyingi aliketi kando yake kama msaidizi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka Nairobi na 7 tu yakamaliza. Lao lilikuwa mojawapo ya hayo saba.

Kisha ukaja mwaka 1965. Kenya ilikuwa imepata uhuru wake Desemba 1963, na hadi wakati huo hakuna dereva asiye Mzungu aliyewahi kushinda Safari. Ndugu hao wawili walijitokeza na Volvo PV544 ya mtumba, gari lililokuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Umbo lake lenye mgongo wa duara lilikuwa limepitwa na wakati. Lilirithiwa kutoka PV444 iliyochorwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza.

Historia ya gari hilo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali la Custom. PV444 ya kwanza ilipoanza kuuzwa mwaka 1947 ilikuwa na injini ndogo ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 40 tu. Miaka kumi baadaye ikatiwa injini ya lita 1.6. Kuanzia magari ya mwaka 1962, PV544 ikapewa injini mpya iliyoitwa B18, ya karibu lita 1.8, ambayo ikiwa na kabureta mbili ilitoa nguvu za farasi 90. Kwa hiyo bodi ile ya zamani ilipata nguvu zaidi ya maradufu bila kubadilika sana kwa sura.

Hata hivyo wahandisi wa Volvo hawakuchukua injini kubwa na kuifunga tu mahali pa ndogo. Kwanza, B18 ilikuwa na beringi kuu tano za kushikilia kranki, mahali ambapo injini iliyotangulia ilikuwa na tatu, na hivyo ilivumilia mizunguko ya kasi bila kujivunja. Umeme wa gari uliongezwa kutoka volti 6 hadi 12. Giaboksi nayo ilibadilishwa ili ihimili msukumo mpya. Kubadilisha injini kulikuwa kubadilisha karibu kila kitu kilichoishika.

Mambo hayo ndiyo ambayo mwenye gari wa Juba huyasahau anapovutiwa na sauti ya injini kubwa. Uzito ukizidi mbele, springi hulala na usukani huwa mzito. Rejeta ya zamani haiwezi kupoza moto mpya katika joto la Juba. Breki zilizotosha gari la polepole hazitoshi tena. Na kwa kuwa Sudan Kusini huendesha upande wa kulia, ilhali magari mengi huingia kutoka Uganda na Kenya yakiwa na usukani wa kulia, injini ngeni huweza pia kugombana na boksi la usukani iwapo ilitengenezewa gari la upande mwingine.

Ndugu wa Singh hawakutafuta injini kubwa kuliko ile ya PV544 yao. Waliondoka Nairobi wakiwa gari la kwanza, jambo lililowapa barabara isiyo na vumbi la wengine. Waliporejea, walikuwa wameshinda kwa zaidi ya saa moja na nusu mbele ya waliowafuata. Kwa Wakenya wengi, Waafrika na Waasia, ulikuwa ushindi wa nyumbani dhidi ya viwanda vya Ulaya vyenye fedha na magari mapya.

Mwaka 1968 walimaliza tena saba tu, na Joginder akawamo. Lakini ilimpasa kusubiri hadi 1974 kushinda mara ya pili, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, akiwa na David Doig. Mpinzani wake mkuu alikuwa Björn Waldegård wa Sweden ndani ya Porsche 911 ya lita 2.7. Katika barabara kavu na iliyonyooka Lancer haikuwa na la kujibu mbele ya Porsche. Mvua ilinyesha sana mwaka huo, barabara zikageuka tope, na Porsche ikafika ya pili. Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na magari ya aina hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda Safari mara tatu kabla yake.

Katika miaka yake ya baadaye alihamia Uingereza, ambako alifariki mjini London mwezi Oktoba 2013 akiwa na umri wa miaka 81. Aliingia Safari Rally mara 22, katika mashindano ambayo miaka mingine zaidi ya magari tisa kati ya kila kumi hayakurudi. Yeye alimaliza mara 19.