Earl Sutherland na mjumbe wa ndani ya seli



Ndugu zangu, nimekulia Nyanza-Lac, ambako ziwa Tanganyika ndilo chakula chetu na, kwa nyumba nyingi, ndilo bomba la maji. Nikiwa shule ya msingi, kipindupindu kilimpata mdogo wangu. Kwa usiku mmoja tu macho yake yalizama ndani. Mama alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, mpaka tukamfikisha kituo cha afya. Alhamdulillah, yu hai. Mimi nilibaki na swali: maji yote yale yalimtoka vipi? Jibu nililikuta chuoni, katika maisha ya mtu ambaye hakuwa akitafiti kipindupindu.

Earl Wilbur Sutherland alizaliwa tarehe 19 Novemba 1915 huko Burlingame, mji mdogo wa Kansas, Marekani. Kama watoto wa kwetu, alipenda kuvua samaki tangu utotoni. Miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka, alijisomesha katika Chuo cha Washburn kwa kufanya kazi hospitalini. Alihitimu udaktari St. Louis mwaka 1942, akatumikia jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi. Badala ya kutibu wagonjwa, alichagua maabara ya Carl Cori.

Ilikuwa ikijulikana kwamba adrenalini hulifanya ini litoe sukari. Glukagoni, homoni ya kongosho, hufanya vivyo hivyo, na kila mfungaji anaitegemea: saa za alasiri, tumbo likiwa tupu tangu daku, ini hufungua akiba yake. Lakini homoni inaliambiaje ini? Wengi waliamini kwamba homoni hufanya kazi katika seli nzima tu, na ukiivunja seli hutaona kitu. Sutherland akaivunja.

Mwaka 1953 alihamia Cleveland. Huko, yeye na Theodore Rall walisaga ini, wakalizungusha kwa mashine mpaka vipande vya utando vikajitenga na majimaji. Walipotia homoni kwenye majimaji peke yake, halikutokea lolote. Walipoitia kwenye vipande vya utando pamoja na ATP, ikatokea kemikali ndogo isiyoharibika hata ikichemshwa. Kemikali hiyo ilipotiwa kwenye majimaji, kimeng'enya kinachovunja akiba ya sukari kikaamka. Maana yake ni kwamba homoni haikuhitaji kuingia ndani. Ilibisha hodi, na mwingine akapeleka habari. Huyo ni AMP saikliki, ambaye Sutherland alimwita mjumbe wa pili.

Wengi walitia shaka: mjumbe mmoja atatumikiaje homoni nyingi? Leo tunajua kwamba kila seli ina vipokezi vyake mlangoni na kazi yake ndani. Ujumbe uleule ambao kwenye ini hutoa sukari, kwenye moyo huongeza mapigo. Sutherland hakubishana sana; aliendelea kupima. Mwaka 1963 alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt ili apate muda zaidi wa utafiti, na mwaka 1971 akapewa peke yake Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alifariki Miami tarehe 9 Machi 1974, akiwa na miaka 58.

Watafiti wengine walifuata njia yake mpaka kwenye utumbo. Sumu ya kipindupindu hukwamisha swichi ndani ya seli za utumbo, AMP saikliki ikawa inatengenezwa bila kusimama. Seli hutii amri hiyo ya uongo: humwaga chumvi, na maji huifuata. Lakini mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja ni mwingine, na sumu haiuzibi. Kwa mlango huo kijiko cha mama kilipita.

Ndugu zangu, mama hakujua habari za seli, na Sutherland hakuijua Nyanza-Lac. Sisi tumejaliwa kujua yote mawili. Likizo hii, tutakaporudi Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya pwani ya ziwa, tusikae kimya na elimu hii. Tuwahimize jirani zetu wachemshe maji ya kunywa, na mgonjwa aanze kunyweshwa mapema huku akipelekwa kutibiwa. Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.